Kisu Mkononi mwa Mastulah

Mastulah binti Nasur alimpenda mumewe kwanza kwa maneno yake. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, naye alikuwa ametumwa nyama katika soko la Mbarara. Kijana aliyesimama nyuma ya meza ya bucha hakumtupia tu vipande kwenye gazeti kama walivyofanya wenzake. Alimuuliza anakwenda kupika nini. Kisha akamwonyesha kwa ncha ya kisu: fasi hii ni ya muchuzi, fasi hii ni ya kukaanga, na fasi hii mupikie muzee hana meno. Kiswahili cha Mastulah kilikuwa cha sokoni, cha kuombea bei na kujibu maswali ya askari, na neno hilo "fasi", yaani sehemu, alikuwa hajalisikia. Alilicheka njia nzima mpaka kwao Ruti. Kesho yake akarudi bucha, ingawa nyumbani nyama ilikuwa imebaki.

Kijana huyo aliitwa Sefu. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu mjini Bujumbura, akakimbilia Uganda peke yake wakati wa mauaji ya mwaka wa sabini na mbili. Hajji Nasur, baba yake Mastulah, aliyekuwa mfanyabiashara wa ngozi, alikubali ndoa ile kwa shingo upande. Alisema mtu hamwozi binti yake kwa mwanamume ambaye huwezi kwenda kwao kuuliza habari zake. Hata hivyo ndoa ilifungwa, wakapanga chumba hukohuko Ruti, wakazaa mtoto mmoja wa kike, Zuhurah.

Mwaka wa themanini na mbili, watu walioitwa wageni walipofukuzwa katika vijiji na miji ya Ankole, Sefu naye aliambiwa aende kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Hajji alimwita binti yake akamkumbusha kwamba aliyefukuzwa ni mume, si yeye. Yeye ni mtoto wa hapa, baba yake yuko hapa na nyumba ipo. Mastulah alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, amepiga magoti. Kisha akaenda kufunga godoro. Zuhurah walimwacha kwa babu yake ili asome. Siku lori lilipoondoka Hajji hakutoka ndani, na tangu hapo jina la Sefu halikutajwa tena katika nyumba ile.

Nakivale walijenga kijumba cha udongo karibu na kijiji cha Misiera. Sefu alikuwa na kisu chake kimoja cha bucha, na kilitosha. Aliitwa kwenye harusi, kwenye hitima, kwenye akika. Akachinja mbuzi wa huyu na ng'ombe wa yule, akarudi jioni na fungu lake la nyama limefungwa kwenye jani la mgomba. Maisha hayakuwa mazuri, lakini yalikuwa maisha.

Halafu asubuhi moja ya mwaka wa themanini na nne, akitawadha, alianguka. Kilikuwa kiharusi. Alipopata fahamu, mkono wake wa kuume ulikuwa umelala kama kitu cha mtu mwingine, na mdomo umekwenda upande. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Mkono haukurudi. Sauti nayo ilirudi, nzito na ya polepole, ila yeye mwenyewe hakuitaka. Aliona haya kusikika vile. Mtu aliyekuwa akimsalimia kila apitaye njia akawa mtu wa kutikisa kichwa tu.

Jambo lililomuumiza zaidi lilikuwa kula. Alilelewa kwamba mkono wa kushoto hauingii sahanini, na hakuweza kujisamehe. Kwa hiyo Mastulah alimlisha, mlango ukiwa umefungwa ili majirani wasione. Alikuwa akimeza matonge machache, kisha anageukia ukutani. Siku moja alimwambia mkewe akiuze kile kisu. Mastulah akakifunga kwa kitambaa, akakipandisha juu ya boriti, na kila alipoulizwa alijibu kwamba mnunuzi hajapatikana. Hakuwa amemtafuta.

Ndivyo walivyoishi mpaka mwaka wa themanini na sita. Vita vya kugombea serikali vilikuwa vimekwisha. Watu waliokuwa wametolewa kwenye ardhi yao ilipofanywa kuwa mbuga ya Mburo walirudi na ng'ombe na mbwa wao, na wanyama wa kule wakawa wanakimbia ovyo, wengine wakatokea upande wa Nakivale. Ilikuwa kawaida kuamka ukakuta nyayo za swala kwenye shamba la mahindi.

Asubuhi hiyo wanaume wa Misiera walikuwa wamekwenda Base Camp, kwenye ofisi za kambi, kupokea mahindi ya msaada. Shehe Buruhan, imamu wa msikiti wao mdogo wa miti na udongo, alikuwa Mbarara kwenye mazishi. Aliyekuja mbio alikuwa Ketty Kyomuhendo, jirani yao, ambaye mumewe alikuwa askari katika kambi ya jeshi ya Mbarara. Kiswahili chake alikiokota hukohuko kambini.

"Mama Zuhurah, kuja," alisema. "Iko engabi kwa boma yako. Mguu imevunjika."

Mastulah alifuata. Ndani ya ua wa miiba walimofungia mbuzi alikuwamo pongo dume, ndiye engabi wa Ketty, bado kijana, pembe zake hazijafika shibiri. Bila shaka mbwa walimfukuza usiku akajirusha kwenye ua. Mguu wa nyuma ulikuwa umevunjika chini ya goti na mfupa ulionekana. Hakulia. Alilala akiwaangalia kwa jicho moja kubwa jeusi, ubavu unapanda na kushuka upesi upesi, na madoa meupe ya mgongoni yanatetemeka.

Ketty alisimama mbali. Yeye alikuwa wa ukoo wa Ababiito, na engabi ni mwiko wao. Haliwi, na hata kumtazama akiteseka hivi hakuweza. Alisema ni heri apigwe kichwani kwa mpini wa jembe, amalizwe, apumzike. Mastulah alijua akipigwa atakuwa nyamafu, na nyumbani kwake hapakuwa na kitu ila maharage. Lakini si nyama iliyomshika. Ni lile jicho. Aliokota mpini, akauweka chini, akauokota tena.

"Usipige."

Wote wawili waligeuka. Sefu alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea kizingiti kwa bega lake zima. Kwa miezi mingi hakuwa amevuka mlango huo bila kushikwa mkono.

"Lete kisu," alisema.

Mastulah aliingia ndani, akapanda kigoda, akakitoa kile kisu kwenye boriti. Alifikiri mumewe anataka kujaribu mwenyewe, naye alijua hataweza, na alijua pia kwamba akishindwa mbele ya Ketty hatavuka tena mlango huo. Sefu alikipokea kwa mkono wa kushoto, akafungua kitambaa kwa meno, akakitazama. Kilikuwa na kutu kidogo. Hakuuliza ilikuwaje hakijauzwa. Alimwonyesha jiwe la kunolea, akakaa kwenye kigoda kando yake, na Mastulah akanoa. Kila alipompa, Sefu alikijaribu kwa ukucha, akamrudishia akasema bado. Mwishowe akasema kinatosha, akamrudishia mpini ukielekea kwake.

"Wewe," alisema.

Mastulah alitikisa kichwa. Alisema hajawahi kuona mwanamke akichinja, si kwao Ruti, si popote. Watu watasema ni haramu. Sefu alikusanya pumzi. Maneno marefu yalimchosha, na haya yalikuwa marefu.

"Mama Zuhurah, sikiliza. Zamani za Mutume, bibi moja mutumwa alichunga kondoo. Moja ikataka kufa. Akavunja jiwe, akachinja na lile jiwe. Wakamuuliza Mutume. Akasema kuleni." Akapumzika. "Wewe uko na kisu kizuri kupita jiwe."

Mastulah akacheka, machozi yakiwa karibu.

Sefu aliagiza pongo apewe maji kwanza. Ketty, ambaye mwiko wake haukumkataza kuchota maji, alileta bakuli, akalisukuma kwa kijiti. Mnyama alilamba kidogo. Sefu akajishusha chini, goti moja, kisha la pili, kazi ya mtu mzima kujifunza upya kupiga magoti. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya shingo ya mnyama na kumsemesha kwa sauti ya chini, kwa Kirundi, lugha ambayo Mastulah hakuisikia kwake mara nyingi. Wakamgeuza kuelekea kibla. Sefu akamfunika jicho kwa pindo la shati lake, akamwambia mkewe afiche kisu nyuma ya mgongo mpaka dakika yenyewe, kwa kuwa mnyama hastahili kuogopa mara mbili.

"Taja jina, halafu vuta. Usirudi nyuma, usinyanyue."

Mastulah alilitaja jina la Mungu kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe, na akavuta. Damu ilikuwa ya moto kwenye vidole vyake. Alitaka kuruka, akahisi mkono wa mumewe bado uko pale palepale, kando ya wake, umetulia juu ya ile shingo, na yeye akatulia. Walibaki hivyo mpaka ubavu ukaacha kupanda. Ketty alikuwa amewapa mgongo, akinung'unika sala kwa Kinyankore.

Kazi iliyobaki ilikuwa kubwa, na Mastulah hakuijua. Alijua nyama ikishafika jikoni. Ilikotokea alimwachia mumewe. Waliburuta mnyama mpaka chini ya mgunga nyuma ya nyumba, wakatandika majani ya mgomba, na Sefu akamwonyesha mahali pa kupitisha kamba nyuma ya mshipa wa mguu, ule mshipa mgumu usiokatika. Ketty, akiwa ameamua kwamba kuvuta kamba si kula, alivuta kamba.

Sefu aliketi kwenye kigoda na kuanza kusema. Mwanzoni ilikuwa neno moja moja. Hapo. Juu. Usikaze. Alimwambia apasue ngozi kwa ndani ya mguu, kisu kikitazama nje ili manyoya yasiingie kwenye nyama. Akishapata mwanya, aweke kisu chini na atumie ngumi, aisukume ngozi taratibu kama anayemvua mtoto shati akiwa usingizini. Mastulah alisukuma. Ngozi ikaachia kwa sauti laini, na chini yake nyama ikawa safi, ya samawati kidogo, inatoa mvuke. Kwenye paja la pili alikuwa na haraka, akarudia kisu, na ncha ikatokea upande wa pili.

"Umetoboa ngozi," Sefu alisema. "Hajji atakudai."

Kisha kikatoka kitu ambacho Mastulah hakuwa amekisikia tangu kiharusi. Kilikuwa kicheko, cha upande mmoja, chenye mkwaruzo, lakini kilikuwa kicheko chake. Mastulah aliendelea kuangalia ngozi. Aliogopa akigeuka kitakoma.

Walipofika tumboni, Sefu alimwambia aingize vidole viwili, apitishe kisu katikati yake, makali juu. Alisema tumbo ni kama mutoto amelala, usimuamushe. Mastulah alishika pumzi mpaka utumbo wote ukashuka ndani ya karai bila kupasuka. Akaambiwa atafute nyongo, aishike kwa shina lake, aiondoe na kipande kidogo cha ini, maana kutoa sadaka ini kidogo ni bora kuliko kulifanya lote chungu. Maini yalitoka mazima, mazito, yanang'aa. Alimwonyesha mumewe kwa mikono miwili. Sefu aliyatazama kitambo, kama mtu anayesoma, akasema mnyama alikuwa na afya.

Halafu mkono wa mbele. Mastulah alitafuta kiungo cha kukata, hakukiona.

"Hakuna mufupa wa kushikana," Sefu alisema. "Mukono unashikwa na nyama tupu. Vuta tu, pitisha kisu chini."

Mkono uliachia mwilini kwa wepesi wa kushangaza. Mastulah akiwa ameushika, bila kutaka, aliutazama mkono wa mumewe uliolala pajani. Sefu aliona alikotazama.

"Na huu wangu," alisema. "Unashikwa na nyama tupu."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja jambo la kazi. Mastulah akauweka mkono wa pongo juu ya majani, akafuta viganja vyake kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akaenda akauinua ule mkono wa mumewe uliolala na kuushika kidogo. Kisha akarudi kwenye kazi.

Tangu hapo Sefu hakunyamaza. Alisimulia jinsi baba yake alivyokuwa na meza ya nyama Buyenzi, karibu na msikiti, na jinsi alivyomfundisha yeye kwa kichwa cha mbuzi, maana kichwa ndicho kigumu na ukikiharibu hasara ni ndogo. Katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajamtaja baba huyo kwa zaidi ya sentensi moja. Sasa alitaja rangi ya kofia yake, namna alivyopiga chafya, na namna alivyowawekea maskini mifupa yenye nyama, akijifanya amekosea kukata. Alisema ni baba yake aliyemwambia aondoke nyumbani usiku wa mauaji, na kwamba mzee mwenyewe alibaki kufunga meza. Mastulah alitenganisha mbavu, akatoa sarara iliyojificha kando ya uti wa mgongo, akakata shingo vipande vipande. Alikata polepole kuliko kazi ilivyotaka, kwa kuwa alijua nyama ikiisha huenda maneno nayo yataisha.

Wanaume walirudi na magunia yao ya mahindi na habari ilikuwa imewafikia njiani. Walikuja, wakatazama nyama iliyofunikwa kwa majani, wakasifu mikato, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja alisema kwao mwanamke hachinji. Mwingine akasema yeye hapingi, ila tumngoje Shehe. Mastulah alikaa mlangoni pa jiko amekunja mikono, na Sefu kwenye kigoda chake, na watu wakangoja.

Shehe Buruhan aliteremka kwenye pikapu ya Mbarara alasiri, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa mzee mfupi, asiyependa maneno mengi. Alisikiliza pande zote, kisha akamwendea Mastulah.

"Binti yangu, ulitaja jina la Mungu?"

"Nilitaja, Shehe."

"Damu ilitoka?"

"Ilitoka yote."

Shehe aliomba maji akanawa mikono. "Basi mnangoja nini?" aliwauliza wale wanaume. "Mimi nimetoka safari. Nipeni maini."

Mastulah aliyakaanga kwa chumvi na kitunguu, akayapeleka kwenye sinia pamoja na ugali. Wanaume walikaa mkekani. Shehe akamwita Sefu, na watu wakasogea kumpa nafasi. Kutoka jikoni Mastulah aliona mumewe amekaa mbele ya chakula cha watu, mkono wa kuume umelala. Aliinuka nusu, ili aende asingizie dawa na amwondoe pale kwa heshima. Lakini Shehe alichagua kipande cha ini, akakiweka mbele ya Sefu, na kusema taratibu kwamba mwenye udhuru hana lawama, na kwamba mkono wa kushoto pia aliuumba Mungu. Kisha akaendelea kula na kuuliza mahindi ya msaada wameyapata magunia mangapi.

Sefu akainua mkono wake wa kushoto. Akakata tonge, akachovya, akala. Hakuna aliyemtazama, au labda wote walitazama sinia kwa makusudi. Mastulah aligeukia jiko akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Nyama nyingine aliigawa jioni hiyo. Kila nyumba iliyo karibu ilipata kitu, na mifupa ya supu ilikwenda kwa kikongwe mmoja aliyekuwa akiumwa. Ketty hakuweza kupokea nyama, kwa hiyo Mastulah alimpelekea maharage yote yaliyokuwamo ndani.

Baada ya hapo watu walianza kuleta mbuzi wao tena. Walikuja kumtafuta Sefu, wakakuta ni wawili: mmoja wa kusema na mmoja wa kukata. Wanyama wa porini Sefu aliwakataa. Walipomletea swala aliyekufa kwenye mtego wa waya, alimwambia aliyemleta amrudishe alikomtoa, kwa kuwa yule wa kwanza alikuja mwenyewe, hakutegwa na mtu.

Ile ngozi Mastulah aliipaka chumvi na majivu, akaikausha kwa kuiwamba na vigingi. Sefu ndiye aliyesema ipelekwe Ruti, zawadi kwa baba mkwe, ya kukalia. Mastulah alisita. Mwishowe akapanda pikapu, ngozi imekunjwa mapajani.

Hajji Nasur alikuwa barazani, na Zuhurah kando yake akifanya hesabu za shule. Mtoto alimrukia mama. Hajji aliitikia salamu, akaipokea ngozi na, kwa mazoea ya biashara, akaigeuza upande wa ndani, akaipitishia kiganja. Kidole chake kikaingia kwenye tundu.

"Nani amechuna?"

"Ni mimi, taata," Mastulah alijibu.

Hajji alimtazama binti yake, akatazama viganja vyake vilivyokuwa vimeota sugu. Mastulah akamweleza yote, ya kiharusi na ya kisu, mambo ambayo kwa miaka miwili hakuwa ameombwa kuyaeleza. Hajji alisikiliza huku anaipapasa ngozi.

"Tundu moja," alisema hatimaye. "Ngozi yangu ya kwanza ilikuwa kama chandarua." Kisha akauliza: "Na Sefu anakula vizuri?"

"Sasa anakula kwa mkono wake mwenyewe," Mastulah alijibu. Zuhurah ndiye aliyeuliza kama wataenda kumwona baba.

Hajji na mjukuu wake walikwenda shule zilipofungwa. Kufikia wakati huo Mastulah na Sefu walikuwa na kibanda cha nyama pale Misiera, paa la bati na meza ya mbao za mgunga, na wateja walikwishazoea kwamba anayekata ni mama na anayeulizwa ni baba. Hajji alifika amevaa kanzu nyeupe isiyofaa kwa vumbi lile. Sefu alijitahidi kusimama. Hajji akamwahi, akamshika bega, akamkalisha, akakaa naye kwenye benchi moja. Mwanzoni wote walitazama barabara. Kisha Mastulah aliweka shingo ya mbuzi mezani, na Sefu akasema ikatwe kwenye viungo, na Hajji akasema huko kwao shingo hupasuliwa kwa urefu. Wakaanza kubishana, mmoja kwa Kiswahili cha Buyenzi kinachokwenda polepole, mwingine kwa Kiswahili cha sokoni Mbarara, mpaka wateja wakaacha kudai nyama yao wakawa wanasikiliza. Mastulah aliwaambia wanyamaze wote wawili, akaikata alivyotaka yeye.

Hajji alikuwa amesema atarudi Ruti jioni ileile. Pikapu ilipopiga honi barabarani, alimtuma Zuhurah akamwambie dereva aende zake.